Jirani Yako Anaitwa Nani?

Laurel, Maryland. Jumapili, mwisho wa Novemba.

Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyoamua kuwa mvua wala kuacha. Ni saa kumi na moja tu jioni na giza limeshaingia. Nimewasha taa zote, hata ya bafuni, kama mtu anayesubiri wageni.

Juu ya meza kuna hotpoti kubwa ya kahawia yenye maua ubavuni. Si yangu. Nimeiosha mara tatu wiki hii na bado inanukia makande.

Sijaandika hapa kwa wiki tatu. Kwenye maoni mmoja wenu ameuliza kama nimeolewa na Mzungu ndiyo maana nimekuwa kimya. Hapana, sijaolewa. Nimefiwa.

Dada Yunisi amefariki.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara tano. Sasa naiacha hapo ilipo.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Yunisi ni dada yangu wa kwanza. Mama alipotutoka mimi nilikuwa na miaka tisa, naye alikuwa msichana wa ishirini ambaye ndiyo kwanza amepata kazi ya ualimu, darasa la kwanza, hapo hapo Lushoto. Akanilea. Alinichapa kwa mwiko na jioni hiyo hiyo akanibakizia ukoko wa ugali, kwa sababu alijua naupenda na kwa sababu kusema samahani hakukuwa kazi yake. Mikono yake ilinuka chaki hata siku za likizo.

Na mimi ni Tabita, yule aliyekuja Marekani kwa miezi sita. Kampuni ya tafsiri ilinileta nisikilize rekodi za Kiswahili na kuandika yanayosemwa, neno kwa neno. Miezi sita ikaongezwa, ikaongezwa tena, na leo ni miaka miwili na miezi miwili. Kazi naifanyia nyumbani. Navaa hedifoni asubuhi, navua jioni. Kiswahili kinaingia masikioni saa nane kwa siku na hakitoki mdomoni.

Mnaonisoma tangu mwanzo mnakumbuka niliandika, majira yangu ya kwanza ya baridi, mwongozo wa kuishi peke yako ughaibuni. Ndiyo makala yangu iliyosomwa kuliko zote. Kanuni ya kwanza: usimfungulie mlango mtu ambaye hajakupigia simu. Ya pili: wa nyumbani wasijue unapokaa, maana sebule yako itageuka kijiwe na maisha yako yataliwa pamoja na karanga. Ya tatu mliipenda sana, mkainakili na kuitumiana: huku hakuna majirani, kuna milango.

Nilijiona mjuaji kweli kweli. Nilikuwa nairudia ile kanuni ya tatu mwenyewe huku nikiosha vyombo.

Leo nitaifuta makala hiyo. Lakini kwanza acha niseme yaliyonipata, maana mtu akifuta bila kueleza anakuwa ameficha tu.

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi nilimpigia Dada. Kwake ni saa kumi na moja jioni, ametoka sokoni, ameshavua viatu. Tuliongea habari za Neema binti yake, habari za mvua, habari za kaka yetu Elia na ng'ombe wake asiyeshika mimba. Na kabla hatujaagana, kila Jumamosi, aliniuliza swali moja.

Jirani yako anaitwa nani?

Mwanzoni nilimweleza kwa upole kwamba huku mambo ni tofauti. Baadaye nikaanza kumtania. Nilimwambia jirani yangu wa kulia anaitwa Ukuta na wa kushoto anaitwa Ngazi. Alicheka, lakini Jumamosi iliyofuata akauliza tena, kwa sauti ile ile ya kumuuliza mtoto kama amenawa mikono. Nilidhani ni uzee unamwingia mapema. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, jamani, uzee gani?

Na hapa ndipo ninapoona aibu.

Jirani nilikuwa naye. Chini yangu, mlango namba 104, anakaa mama mmoja kutoka Kongo. Nilimjua tangu mwezi wangu wa pili hapa. Nilikuwa kwenye chumba cha mashine za kufulia, akaingia na kapu lake, anaongea na simu, na alikuwa anaongea Kiswahili. Kile cha Bukavu, chenye Kifaransa ndani yake, lakini Kiswahili. Moyo uliruka. Kisha nikafikiria: nikimsalimia tu, kesho yuko mlangoni kwangu, keshokutwa niko kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto nisiyemjua, mtondogoo habari zangu ziko Lanham, Annandale na kila mji wenye watu wa nyumbani. Akakata simu, akanitazama, akatabasamu. Nikamwambia "hello" ya puani, ya Kimarekani hasa, nikavaa hedifoni zisizokuwa na sauti yoyote ndani.

Miaka miwili nimekuwa nikikutana naye kwenye mashine zile na kumpa ile ile "hello". Nilimsikia alfajiri akifunga mlango kwenda kuhudumia wazee wa watu. Nilimsikia Jumapili akiimba. Nilizijua nyimbo zake.

Dada alifariki Jumapili, wiki mbili kamili zilizopita. Presha. Alitoka kanisani, akasema kichwa kinamgonga, akalala. Siku moja kabla yake tulikuwa tumeongea, akaniuliza swali lake, nami nikamjibu, "Dada, umeanza tena?" Akacheka, nikakata simu kwa sababu maji yalikuwa yanachemka.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Nilikuwa na haraka ya chai.

Kwetu habari ya msiba haitumwi kwenye simu kwa mtu aliye peke yake. Hilo hata mtoto analijua. Anatumwa mtu. Wakiwepo wawili au watatu ni vizuri zaidi. Wanaingia, wanakukalisha, wanakupa maji, wanakuuliza habari za kazi wakati macho yao yanatazama chini, na ukishakaa vizuri, ukiwa na bega la kuangukia, ndipo unaambiwa. Simu ni ya kuwaita hao. Ndiyo maana familia ikiwa na mtu mbali inataka kujua: tukipatwa na jambo, tumwite nani akushike?

Familia yangu haikuwa na wa kumwita. Haikuwa na jina hata moja.

Mimi huku Jumatatu nilimtumia Dada picha ya majani mekundu ya mti wa nje. Ikaonyesha alama moja tu, haijamfikia. Jumanne nikampigia Elia. Akasema simu ya Dada imedondoka kwenye ndoo ya maji. Elia hajui kudanganya. Alinisalimia mara mbili, na mara ya pili sauti ilikuwa imebadilika. Kisha akaniuliza, hivi hivi, kama Jumatano nitakuwepo nyumbani, na anwani yangu ni ipi, hadi namba ya mlango, eti kuna mtu anataka kuniletea barua.

Nikampa. Nikarudi kazini.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba Elia alikuwa amekwenda kwa mchungaji, mchungaji akakumbuka mtu aliyesoma na mtu, na namba ya simu ikapita mikono sita au saba hadi ikafika Lanham, kwa mzee mmoja wa Kipare anayeitwa Mzee Mbwambo na mkewe. Wameishi huku miaka zaidi ya thelathini. Walikuwa hawanijui, nami sikuwa nimewahi kuwaona, mimi ni Msambaa wala si Mpare, na walikubali kabla Elia hajamaliza kueleza. Nyumbani, mwili ukawekwa mochwari. Wazee wakasema hatumziki Yunisi wakati mdogo wake hajui.

Jumatano saa kumi na nusu jioni mlango ukagongwa.

Nilikwenda kwa soksi, kimya kimya, nikachungulia kwenye kitundu. Nje kulikuwa na mzee mwenye kofia ya sufu na mama mnene kiasi, ameshika hotpoti kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa koti zito la baridi. Juu ya koti, kiunoni, alikuwa amefunga kanga.

Nimewaambia watu wawili kwamba nilidhani ni wahubiri wa nyumba kwa nyumba. Elia nilimwambia hivyo. Mchungaji aliponipigia kunipa pole nilimwambia hivyo pia.

Nilijua.

Hakuna mwanamke wa kwetu anayefunga kanga kiunoni juu ya koti na kubeba chakula cha moto Jumatano jioni kwa mtu asiyemjua, isipokuwa kwa jambo moja. Nilijua pale pale, kabla hajagonga mara ya pili. Sikujua ni nani, lakini nilijua ni mtu. Na nilifikiria, wazi kabisa, kwa maneno kamili: nisipofungua, hajafa mtu.

Walibisha hodi mara tatu. Kwa adabu, kwa kupumzika katikati. Nilisimama nimezuia pumzi kama mwizi, ndani ya nyumba ninayoilipia mwenyewe. Nikasikia mama akisema labda hajarudi kutoka kazini. Nikasikia ngazi.

Jioni ile ile Elia akanipigia. Kwake ilikuwa saa saba ya usiku. Mtu mwenye ng'ombe hayuko macho saa saba ya usiku. Akaniuliza nimeshindaje, nikasema salama. Akauliza kama nimepata wageni.

Nikasema, wageni gani?

Akasema, "Haya, mdogo wangu. Lala salama."

Walimzika Dada Alhamisi, saa tisa alasiri. Wajomba walikuwa wametoka mbali, mvua zilikuwa zimeanza kuharibu barabara, na wazee walisema marehemu amechoka kusubiri. Elia alikuwa amepanga kunishikia simu ya video, nione, nitupe hata udongo wa kuigiza nikiwa huku, mama wa watu amenikumbatia. Ndiyo kazi iliyokuwa imewaleta wale wawili Jumatano.

Saa tisa ya Lushoto ni saa moja asubuhi hapa. Saa moja asubuhi Alhamisi nilikuwa nakaanga yai. Nakumbuka kwa sababu kiini kilipasuka nikacheka peke yangu, nikasema kwa sauti, "Umeanza vibaya siku, bibi wee."

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina hata mtoto, lakini mjukuu nimempata.

Jumamosi asubuhi saa tatu nikapiga simu kama kawaida. Namba ya Dada haipatikani. Nikakaa mezani na hedifoni zangu, nikaifungua kazi, Jumamosi, siku ambayo sifanyi kazi. Rekodi ilikuwa ya redio moja ya nyumbani, na kabla ya habari yakaja matangazo ya vifo. Habari ziwafikie watoto wa marehemu popote walipo. Nimeandika matangazo ya namna hiyo mamia. Siku hiyo niliandika "popote walipo" na vidole vikagoma kuendelea.

Saa sita mchana wakarudi.

Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikwenda hata kuchungulia. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, magoti kifuani. Nikangoja nisikie ngazi.

Badala yake nikasikia koti likivuliwa, kile kitambaa chake kigumu kinavyolia. Nikasikia mtu mzima akikaa chini taratibu, kwa kuguna, kama wanavyokaa wenye magoti mabaya. Kisha sauti ya mzee, karibu sana, kwenye usawa wa kichwa changu.

"Mwanangu, sisi ni watu wa nyumbani. Tume-park hapo chini, hatuna haraka. Hatuhitaji kuingia. Tutakaa hapa."

Wakakaa. Kwenye korido ya ghorofa ya pili, kwenye zulia lile linalonuka mbwa wa watu. Mkewe akaanza kuimba kwa sauti ya chini, ule wimbo ambao kwetu huimbwa wakati watu bado wanakuja mmoja mmoja na hakuna anayelia kwa nguvu. Alikuwa anatulia kila anapopita mtu. Nilisikia Wamarekani wakisema samahani na kuwaruka miguu.

Sijui muda gani ulipita. Elia anasema saa moja na nusu, walikuwa wanaongea naye kwa ujumbe.

Katikati ya hapo nikasikia mlango wa chini, na hatua zikipanda. Nilizijua hatua hizo. Zilifika juu zikasimama.

"Karibuni. Mumekosa ufunguo?" Mama wa 104.

"Hapana, mama. Tumekuja kwa msiba."

"Pole sana. Ni nyinyi mumefiwa?"

"Ni yeye, wa humu ndani."

Akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Na iko anajua?"

"Nafikiri anajua," akasema Mzee Mbwambo.

Hatua zikashuka. Nikadhani amekwenda, na nilimwelewa. Ningekuwa mimi ningekwenda. Baada ya dakika chache zikapanda tena, mara mbili, na kila mara zikifuatwa na kitu kinachoburuzwa. Viti. Alikuwa ameleta viti vya mezani kwake, vitatu, na birika la chai. Nikasikia akiwaambia watu wazima hawakai kwenye sakafu ya baridi. Nikasikia kiti cha tatu kikikaliwa, naye ndiye aliyekikalia. Mama wa watu wiki hiyo yuko zamu ya usiku, hajalala, amekaa nje ya mlango wa mwanamke ambaye kwa miaka miwili amemnyima salamu ya kueleweka.

Akaushika ule wimbo. Alikuwa na maneno yake, tofauti kidogo na yetu, lakini sauti ilikuwa moja.

Ndipo nilipoelewa kwamba matanga yangu yameshaanza. Yameanza bila mimi. Viti viko nje, chai iko nje, waimbaji wako nje, na aliyefiwa amejifungia ndani kama vile hayamhusu.

Nikasimama. Komeo la juu, komeo la chini, mnyororo. Nilivifunga vyote vitatu kila siku kwa miaka miwili na siku hiyo vidole vilivisahau.

Mlango ukafunguka. Mama Mbwambo alinipokea kama mtu anavyopokea mzigo unaodondoka. Waliniingiza, wakanikalisha, Mama wa 104 akanipa maji kwenye kikombe changu mwenyewe. Mzee akavua kofia, akavuta kiti mbele yangu, akasema taratibu, kwa utaratibu wote, ingawa sote wanne tulijua.

"Mwanangu Tabita. Dada yako Yunisi ametutangulia."

Nililia hadi nikaona haya, kisha nikaona haya ya kuona haya, nikalia tena.

Wale akina mama wawili walikwenda chumbani, wakaliburuza godoro langu hadi sebuleni, wakalitandika chini, wakanilaza. Mama Mbwambo akalala hapo pembeni yangu siku mbili. Makande yakaliwa. Mama wa 104 alipanda kila alipotoka kazini, na mara ya kwanza tulipobaki wawili, akinimenyea yai la kuchemsha, alisema kile nilichokuwa nakiogopa.

"Miaka mbili nilikuwa nawaza ya kama weye ni Mwamerika."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilimsikia siku ya kwanza kabisa. Akatikisa kichwa, akaniwekea chumvi kwenye yai. "Basi kula," akasema. Hakulizungumza tena, na mimi ningependa angelizungumza, angenigombeza, ningepumua.

Nadhani hiyo ndiyo huzuni ambayo sikuitegemea. Kumpoteza Dada ni jambo moja, ni kubwa kiasi kwamba bado silioni lote. Lakini kuna hii nyingine ndogo, chafu, inayokaa chini yake. Nilijifunza kuishi peke yangu. Nilijifunza vizuri, nikafaulu, nikawafundisha na wengine. Na ufundi wote huo, siku ulipotumika hasa, ulimzuia mama mwenye chakula cha moto asinifikie, na dada yangu akasubiri mochwari siku nne kwa ajili yangu bure.

Elia anasema nisijilaumu. Anasema hata ningefungua Jumatano, Dada asingefufuka. Ni kweli. Lakini ningemzika.

Leo asubuhi nimelirudisha godoro kitandani. Limekuwa zito kuliko lilivyotoka, au mikono imeishiwa nguvu. Nyumba ikawa kubwa ghafla, na nikajua sasa ndiyo inaanza ile kazi yenyewe, ya siku ambazo hakuna anayekuja.

Mchana Elia akapiga. Walikuwa wanapanga vitu vya Dada, yeye na Neema, na wamelikuta daftari. Daftari la shule, la mistari, kama yale aliyokuwa anasahihisha. Ndani ameandika majina ya familia nzima, kila mtu na ukurasa wake: namba ya simu, dawa anazotumia, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, mtu wa kuitwa. Elia, mtu wa kuitwa: Mwalimu Hoza. Neema, mtu wa kuitwa: mama mwenye nyumba, na namba yake. Binamu yetu wa Mwanza, mtu wa kuitwa: katekista.

Nikamuuliza kuhusu ukurasa wangu. Elia akasema huo niuache. Nikamwambia asome.

Tabita, mtu wa kuitwa. Halafu hakuna jina. Ameandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena juu yake, karatasi imechakaa hapo hadi inakaribia kutoboka. Neema alilazimika kuisogeza kwenye taa ili aone.

Yameandikwa maneno matatu. Uliza tena Jumamosi.

Nilimsikia Neema kwa nyuma akipenga kamasi. Kisha kaka yangu, ambaye hajui kudanganya wala hajui kubembeleza, akasema, "Sasa mdogo wangu, kalamu ninayo. Niandike nani?"

Nikamwambia asubiri. Nikaiacha simu mezani imewashwa, nikashuka ngazi kwa kandambili. Nikagonga 104. Nikabisha hodi, kwa sauti, kwa Kiswahili, hapo kwenye korido ya watu. Hodi yangu ya kwanza katika nchi hii.

Alifungua ameshika kitana, nusu ya kichwa imesukwa. Nikamwambia nina ombi. Nikamwambia nyumbani wanataka jina, wanataka namba, mtu wa kupanda juu wakati wowote wakisikia jambo au wasiponisikia mimi. Niliongea haraka, kama mtu anayeogopa mlango utafungwa. Aliingiza kitana kwenye nywele kikakaa chenyewe, akachukua kipande cha bahasha, akaandika namba yake, tarakimu kubwa kubwa.

"Na yangu je?" akasema. "Mimi pia niko na mama yangu kule Bukavu. Iko ananiulizaka."

Nikaandika namba yangu kwenye kipande kilichobaki. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba na yeye alikuwa anaulizwa.

Nikapanda, nikamsomea Elia tarakimu moja moja, akazirudia moja moja, Neema akiandika. Akauliza jina. Nikasema Mama Furaha, ndivyo Mama Mbwambo alivyomwita siku zile mbili. Elia akasema, Mama Furaha nani? Jina lake hasa?

Nikagundua sijui.

Makala ile nimeshaifuta. Kesho jioni Mama Furaha akitoka kazini tunakwenda Lanham kurudisha hotpoti. Nimeloweka maharage ili isirudi tupu. Anaendesha yeye, mimi nashika chakula.

Dada, nisamehe nimechelewa kujibu. Anakaa chini yangu, namba 104. Anatoka Bukavu, anahudumia wazee, Jumapili anaimba na sauti yake ni nzuri. Wanamwita Mama Furaha. Jina lake nitamuuliza kesho njiani.